Muti wa Ngazi Haukomei mu Kivuli: Shahidi wa Vijiji vya Zamani

Utangulizi

Mu soko ya Kenya, hapa Lubumbashi, ukimuuliza mama mwenye kuuza mafuta ya ngazi: "Mama, haya mafuta ni ya wapi?", atakujibu bila kuchelewa: "Ya Kongolo", ao "ya Kalemie", ao "ya Kasai". Hakuna mwenye kukujibu kwamba ni ya hapa. Lakini ukiendelea na kumuuliza ni nani alipanda ile miti kule, mara nyingi utasikia jibu moja: "Haikupandwa, baba. Ni ya pori. Mungu mwenyewe aliipanda."

Ndugu musomaji, jibu hili linaonekana kuwa dogo, na pengine wewe pia ungejibu vile. Hata mimi nilijibuka vile kwa miaka mingi. Lakini historia ya inchi yetu inaonyesha kwamba neno "ni ya pori" lilipotamkwa na wenye nguvu, wazee wetu walipoteza udongo mukubwa sana. Ni kwa sababu hiyo nataka tuangalie vizuri muti wenyewe, kuanzia siku unapotoka mu kokwa yake. Kwa maana namna mutoto wa ngazi anatumia kivuli na mwangaza wa jua inatuonyesha wazi wazi kwamba makundi ya ngazi tunayoyaona mu musitu si kazi ya pori peke yake. Ni alama ya mikono ya watu.

1. Mutoto wa ngazi mu parsele yetu

Nianze na jambo la nyumbani. Tulikuwa na parsele mu komini ya Katuba, na mu ile parsele kulikuwa muembe mukubwa, kama mu parsele nyingi za Lubumbashi. Siku moja baba alileta mutoto wa ngazi, aliyepewa na ndugu mumoja mwenye kutoka safari ya Kongolo. Akampanda chini ya muembe, akisema: "Hapa njo pazuri, jua haitamuchoma."

Mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Majani yalikuwa ya rangi nzuri, na sisi watoto tulimwaga maji kila mangaribi. Lakini mwaka wa pili tukaona kitu cha ajabu. Majani yalikuwa marefu, membamba, yameinama yote upande mumoja, kuelekea njia kwenye mwangaza ulikuwa unaingia. Shina halikuonekana kabisa. Tulifikiri kwamba urefu ule ni nguvu.

Mama mukubwa, mwenye alizaliwa pande za Lualaba, alipokuja kututembelea alicheka sana. Akasema: "Mulimufunga mutoto mu nyumba, kisha munafurahi juu iko murefu? Hakomei huyu. Anakimbia. Anatafuta jua." Kisha akaongeza kwa sauti ya upole: "Kwetu hatupandake ngazi chini ya muti mukubwa. Tunamuweka nyuma ya jiko. Kivuli ni ya siku kidogo tu."

Sikuyasahau maneno yake. Baadaye, niliposoma vitabu vya kilimo, niliona kwamba mama mukubwa, mwenye hakukaa hata siku moja mu masomo ya agronomia, alikuwa amesema kwa kifupi yale ambayo wataalamu wanaeleza kwa kurasa nyingi.

2. Posho ya kokwa, kivuli na jua

Muti wa ngazi, ambao ndugu zetu wa pwani wanauita muchikichi na wataalamu wanauita Elaeis guineensis, ni muti wa Afrika. Uliota kwanza mu inchi za Afrika ya mangaribi na ya katikati. Kokwa yake ni ngumu sana. Haitaki mwangaza ili iote. Kitu inachodai ni joto. Leo, mu vituo vya kutengeneza mbegu, wanaweka kokwa mu chumba chenye joto la digri 39 ao 40 kwa siku 80 hivi, kisha wanazilowesha tena na kuziacha zipoe, na ndani ya siku chache tu zinaanza kupasuka. Bila joto hilo, kokwa inaweza kulala mu udongo muda murefu sana, bila kufa na bila kuota.

Sasa fikiri: mu musitu muzito, udongo uko baridi. Majani ya miti mikubwa yanazuia jua lisiufikie. Lakini mutu akifyeka shamba na kuchoma takataka, jua linapiga udongo mutupu, udongo unapata joto, na kokwa zilizolala zinaamuka. Mara nyingi wakulima wanaona ngazi nyingi zikiota mu shamba jipya, na wanasema zimekuja zenyewe. Zilikuwa pale. Zilikuwa zinangoja mutu afungue musitu.

Mutoto akiisha kutoka, anaishi kwanza kwa chakula ambacho mama yake alimuwekea ndani ya kokwa. Hiyo ni posho yake. Inaweza kumutosha kwa miezi miwili ao mitatu. Mu siku hizo hana haja kubwa ya jua, tena jua kali linaweza kumuchoma na kukausha majani yake ya kwanza, ambayo ni mazima, bila kupasuka, sawa na majani ya nyasi. Ndiyo maana mu pepinyeri wanajenga kibanda chepesi, wanakifunika kwa matawi ya ngazi ao kwa nyavu, ili jua lipite nusu.

Lakini posho ikiisha, mambo yanabadilika. Tangu pale, mutoto anapaswa kujipikia mwenyewe, na moto wa jiko lake ni mwangaza wa jua. Mu pepinyeri nzuri wanapunguza kivuli polepole: wanatoa matawi machache, kisha mengine, mupaka kibanda kinabaki wazi kabisa. Watoto wanahamishwa mu sashe kubwa na kutawanywa, kama santimetri 70 mupaka 90 kati ya mumoja na mwenzake, ili wasifunikane. Ukiwasongesha, kila mumoja anamufanyia mwenzake kivuli, na wote wanakuwa warefu na wembamba kama yule wetu wa Katuba. Ukimutoa mutoto wa namna hiyo na kumupanda mu shamba, upepo unamulaza chini na jua linamuchoma kwa gafula.

Jambo lingine ambalo watu wengi hawalijui ni hili: muti wa ngazi haupande juu mara moja. Miaka yake ya kwanza inapita mu kupanua shina pale chini, kisha ndipo unainuka. Mu kivuli kizito hauna nguvu ya kufanya kazi hiyo. Unaweza kubaki miaka na miaka kama fungu la majani tu, bila shina. Hata ukifaulu kukomea, shida haijaisha. Ngazi ina maua ya kiume na maua ya kike mu muti uleule, na yale ya kike njo yenye kuzaa mikungu. Muti wenye kukosa mwangaza unatoa zaidi maua ya kiume. Kwa hiyo kivuli hakimuui tu mutoto. Kinapunguza pia uzazi wa mukubwa. Ndiyo maana mu mashamba ya leo wanapanda ngazi mita 9 kati ya muti na muti, kwa mupango wa pembetatu. Hiyo inaleta miti 143 kwa hektari moja, na kila muti unapata sehemu yake ya mbingu.

3. Nyuma ya jiko: pepinyeri ya wazee

Tukiisha kuelewa hayo, turudi kwa neno la mama mukubwa: "nyuma ya jiko".

Mu kijiji cha zamani, mama akiisha kupika ngazi na kutoa mafuta, alitupa kokwa na makapi nyuma ya jiko. Pale kulikuwa majivu, maganda, maji machafu, mabaki yote ya nyumba. Udongo ulinona. Tena pale mara nyingi kulikuwa migomba. Mugomba unatoa kivuli chepesi, si kivuli kizito cha musitu: jua linapita kati ya majani yake yaliyopasuka. Mutoto wa ngazi akitokea chini ya mugomba anapata kile tu ambacho pepinyeri ya leo inamupa, ni kusema kivuli cha miezi michache, unyevu na udongo wenye kunona.

Kisha? Mugomba unazeeka, unaanguka. Nyumba ya udongo inaharibika, wanajenga nyingine mbali kidogo. Shamba linachoka, kijiji kizima kinahama kilometa moja, mbili, tatu. Kila kitu kilichokuwa kinazuia jua kinaondoka. Na ngazi, ambayo sasa ina miaka yake ya kutosha, inabaki peke yake mu mwangaza mutupu. Hakuna mutaalamu aliyepanga kazi hiyo. Maisha yenyewe ya kijiji yaliipanga. Lakini haikuwa bahati tu. Wazee walijua. Wakifyeka shamba, walikata miti mingine lakini waliacha ngazi. Walitoa majani ya zamani, walisafisha chini ya shina, wakapanda juu kwa mukanda ili kukata mikungu. Mu vijiji vingi muti ulikuwa na mwenyewe, hata kama udongo ulikuwa wa ukoo wote.

Kwetu upande wa Katanga, ambako kuna pori la majani kuliko musitu muzito, kuna jambo lingine la kuongeza. Mu pori la majani jua si kitu cha kutafuta, liko tele. Adui wa mutoto wa ngazi pale ni moto wa kila mwaka na ukavu wa kiangazi. Mu misitu ya kando ya mito unyevu upo, lakini kivuli ni kizito. Basi mutoto wa ngazi akose nini? Mu pori anaungua, kando ya muto anakosa jua. Ni kijiji tu chenye kumupa vyote viwili pamoja: mahali pa wazi kwa jua, na mahali penye kufagiliwa ambapo moto haufiki.

Hiyo ndiyo sababu, ukisafiri na kuona fungu la ngazi limesimama peke yake mahali pasipo nyumba hata moja, usiseme tu "ni pori". Simama kwanza. Angalia chini kama hakuna vipande vya vyungu, mawe ya kusagia, mavi ya chuma. Mara nyingi umesimama juu ya matongo, ile ambayo ndugu zetu wenye kusema Kibemba wanaiita chibolya: kijiji kilichoachwa.

Wachimbaji wa vitu vya kale nao wanalihakikisha jambo hili. Mu sehemu nyingi za Afrika ya katikati, wamekuta maganda ya kokwa za ngazi yaliyoungua, ndani ya mashimo ya vijiji vya zaidi ya miaka 2000 iliyopita, pamoja na vyungu. Wataalamu wengine wanaonyesha kwamba wakati huohuo, miaka kama 2500 iliyopita, hali ya hewa ilikauka na musitu ulipasuka mahali pengi, na ngazi ikafaidika. Ni kweli, na tusifiche: kulikuwa pia ngazi zilizoota bila mutu, kando ya mito na mahali ambapo muti mukubwa umeanguka. Ndege na wanyama wanabeba kokwa. Lakini makundi makubwa, yenye miti mingi ya umri mumoja, yenye kufuata njia na vilima ambapo watu walikaa, hayo yanadai mukono wa kufungua mwangaza.

4. Mafuta yaliyotembea mbele ya Wazungu

Wengine wanafikiri kwamba mafuta ya ngazi yalianza kuwa biashara siku kompani za Wazungu zilipofika. Si vile. Mu ufalme wa Waluba mafuta ya ngazi yalitembea zamani sana. Inchi ya kaskazini, yenye mvua nyingi na joto, ilikuwa na ngazi. Mabwawa ya Upemba yalikuwa na samaki wa kukausha. Mahali pengine kulitoka chumvi na chuma. Kila upande ulikuwa na kitu ambacho mwingine hakuwa nacho, na mafuta yalibadilishwa na chumvi, na samaki, na majembe. Wale wanaosoma historia ya Waluba wanajua kwamba nguvu ya wafalme ilisimama pia juu ya njia hizo.

Ku mashariki ilikuwa vilevile. Mwingereza Burton alipofika Ujiji mu mwaka 1858, ng'ambo ya pili ya Tanganyika, alikuta watu wa ziwa wanauza mafuta ya ngazi, na mu kitabu chake akaandika majina ambayo Waswahili wanayatumia hata leo: muchikichi kwa muti, mawese kwa mafuta. Mu mwaka huo Leta ya Kongo ilikuwa haijazaliwa. Kompani ya Lever ilikuwa haijazaliwa. Lakini mafuta yalikuwa sokoni.

5. Siku Leta ilipoita vijiji "pori"

Sasa tunafika ku jambo lenyewe. Tarehe 1 mwezi wa saba 1885, Leta Huru ya Kongo ilitoa sheria yenye kusema kwamba udongo wote usio na mwenyewe ni wa Leta. Udongo usio na mwenyewe ni upi? Wakubwa walijibu: ni ule ambao hauna nyumba na hauna shamba leo. Matongo, mashamba yaliyopumuzishwa, misitu ya kuwinda, makundi ya ngazi yaliyobaki mahali pa kijiji cha babu, vyote vilihesabiwa kuwa bure.

Kisha, tarehe 14 mwezi wa ine 1911, serikali ya Ubelgiji ilifanya mapatano na Mwingereza William Lever, mutengenezaji wa sabuni. Kompani yake, Huileries du Congo Belge, ilipewa miduara mitano, kila mumoja wa kilometa 60 toka katikati mupaka kando. Ndani ya miduara hiyo ilikuwa na haki ya kuchagua udongo wa ngazi mupaka hektari 750.000. Lusanga, mu Kwilu, iliitwa Leverville. Mingine ilikuwa pande za Bumba, Barumbu, Basongo na Ingende.

Ni nini iliwavuta kule? Si udongo mutupu. Walifuata ngazi zilizokuwa zimekwisha kukomea, zenye kuzaa, maelfu kwa maelfu. Waliziita ngazi za asili, ni kusema zenye kuota zenyewe. Na kwa sababu "zimeota zenyewe", mutu aliyekata mukungu mahali ambapo babu yake alizaliwa alionekana kama mwizi mu shamba la kompani. Kazi ya kukata mikungu ililazimishwa, kwa kodi na kwa fimbo. Mu mwaka 1931, Wapende wa Kwilu waliasi. Muzungu wa Leta, Maximilien Balot, aliuawa, na jeshi likajibu kwa kuua watu mamia. Mwandishi Mubelgiji Jules Marchal alieleza kazi hiyo ya lazima mu kitabu alichotoa mwaka 2001, na kinafaa kusomwa na kila mutu mwenye kutumia sabuni.

Ndugu musomaji, hapa njo ninarudia neno langu. Kama wakubwa wale wangeuliza mutoto wa ngazi swali moja tu, "Unakomea namna gani?", wangepata jibu lenye kuharibu sheria yao. Kundi la ngazi mu musitu ni kama kitabu cha komini: linaonyesha kwamba hapa watu walifyeka, walikaa, walikula, walizika. Sheria ilisema udongo haukuwa na mwenyewe. Muti ulisema kinyume. Lakini muti haukuitwa mbele ya tribinali.

6. Yangambi ilisema nini

Jambo la kushangaza ni kwamba maarifa hayo yalithibitishwa na Wazungu wenyewe, na hapahapa Kongo. Mu mwaka 1933 Ubelgiji iliunda INEAC, shirika la kuchunguza kilimo, na kituo chake kikubwa kilikuwa Yangambi, kando ya muto Kongo, mangaribi ya Kisangani. Mu mwaka 1941, Beirnaert na Vanderweyen walitoa kazi yenye kujulikana mu dunia nzima. Walionyesha kwamba ngazi yenye ganda nene, dura, ikizalishwa na ile isiyo na ganda, pisifera, inazaa tenera, yenye ganda jembamba na nyama nyingi ya mafuta. Mashamba makubwa ya ngazi ya Malezia na Indonezia leo yanasimama juu ya elimu hiyo.

Lakini mbegu nzuri peke yake haitoshi. Waliolima tenera walijifunza kazi ileile ya kibanda na ya kuondoa kivuli polepole, na ya kutawanya miti. Ngazi ambayo iliitwa ya asili, yenye kuota bila mutu, sasa ilidai watu wa kila siku: wa kumwaga maji, wa kutoa matawi juu ya kibanda, wa kupima nafasi. Basi niulize: kama mutaalamu wa Yangambi mwenye vyombo vyote alipaswa kumulinda mutoto wa ngazi namna hiyo, nani aliwalinda wale maelfu wa Kwilu na wa Lualaba kabla yake?

7. Sisi watu wa muji

Lubumbashi inaingia mu historia hii kwa njia ya sahani. Tangu muji ulipoanzishwa mu mwaka 1910, ukiitwa Élisabethville, watu walitoka kila upande kuja kuchimba shaba. Mu kambi za Union Minière, posho ya mufanyakazi ilikuwa na unga, chumvi, nyama ao samaki, karanga, na mafuta ya ngazi. Mafuta hayo yalihitaji njia. Reli ya Bukama ilifika mwaka 1918, na mwaka 1928 ikafika Port-Francqui, leo Ilebo, mu Kasai. Ku kaskazini reli ya Kabalo ilikuwa imekwisha kufika Kalemie tangu 1915, na mwaka 1956 Kabalo ikaunganishwa na Kamina. Hivyo mafuta ya matongo ya Waluba, ya Wasonge na ya Wahemba yaliingia mu sufuria za Kamalondo na Kenya.

Kwa nini hatukupanda ngazi hapa? Wengine walijaribu, kama baba yangu. Lakini Lubumbashi iko juu, mita 1200 na zaidi. Mvua yake ni kama milimita 1200 kwa mwaka, na toka mwezi wa tano mupaka wa tisa karibu hatuoni tone. Ngazi inataka milimita 2000 hivi, zenye kutawanyika mwaka muzima. Tena mutoto wa ngazi anasimama kukomea joto likishuka kufikia digri 15, na usiku wa mwezi wa sita na wa saba hapa unashuka chini ya 10. Jua tunalo, maji na joto la usiku njo vinakosa. Muembe wetu ulipokatwa, yule mutoto wa Katuba alianza kweli kupanuka chini, majani yakasimama. Lakini mukungu wa kueleweka hakutoa.

Mwisho wa miaka ya 1950, Kongo ilikuwa kati ya inchi za kwanza duniani kwa kuuza mafuta ya ngazi inje. Leo tunanunua mafuta yenye kutoka Azia, mu bidoni za rangi ya manjano, tukiwa inchi ambayo muti huu ulizaliwa. Mutu asione tu aibu. Aulize pia sababu, na kati ya sababu kuna hii: tulikubali kwamba ngazi ni ya pori, kwa hiyo haidai kazi. Muti usiodai kazi hakuna mwenye kuupanda tena.

Na mambo ya udongo hayajaisha. Sheria ya tarehe 20 mwezi wa saba 1973 ilisema kwamba udongo wote ni wa Leta, na kwamba haki za desturi zitapangwa na sheria nyingine ya Raisi. Miaka mingi ikapita bila sheria hiyo kutoka. Mu mwaka 1911 swali lilikuwa: udongo huu ni wa nani? Mu mwaka 2018, vijiji vya pande za Lokutu, mu mashamba ya zamani ya Lever, vilikuwa bado vinapeleka malalamiko mupaka Ujerumani, ku benki iliyokopesha kompani, juu ya swali hilohilo.

Kumaliza

Kuna jambo moja la mwisho ambalo linanihangaisha. Shahidi huyu, muti wa ngazi, anakufa.

Kijiji kikihama na watu wasirudie kufyeka, musitu unarudi. Miti mikubwa inainuka, inazipita ngazi. Ngazi zinajinyoosha, shina linakuwa refu na jembamba, mikungu inapungua. Chini yao kokwa zinaanguka, zingine zinaota, lakini watoto wanabaki fungu la majani mu giza, mupaka posho ya kokwa inakwisha na nguvu inakwisha. Muti wa ngazi unaweza kupita miaka 100, lakini mu kivuli unakufa bila kuacha nafasi yake. Baada ya vizazi vichache, mahali pa kijiji hapana alama tena, isipokuwa maganda meusi mu udongo.

Basi, wewe mwenye kusoma, ukienda likizo mu kijiji cha wazazi, fanya kazi moja ndogo. Tafuta muzee, tembea naye mupaka kwenye kundi la ngazi lililo peke yake, umuulize: "Hapa palikuwa kijiji cha nani? Nani alikaa hapa? Juu ya nini walihama?" Andika majina. Hesabu miti. Angalia kama kuna watoto chini, na kama wanaona jua. Siku moja karatasi hiyo inaweza kusema mbele ya mwenye kuja na mupango wa udongo akidai kwamba pale ni pori tu.

Mama mukubwa alikwisha kutuacha. Nyuma ya jiko lake la zamani, kule Lualaba, waliniambia kwamba ngazi tatu bado zimesimama, na jiko lenyewe halipo tena.